Kumi na Tisa wa Tarehe Mosi Januari

Jumatatu, 5 Oktoba 2015

Safari ya Kentucky imepitishwa! Columbus hadi Louisville, mimi na bosi wangu, Bwana Hensley, tukipokezana usukani. Kuna mji mdogo jirani na Louisville (jina silitaji hata humu, kiapo ni kiapo). Ulikopa fedha za maendeleo ya jamii kutoka serikali kuu, ukampa mwekezaji, akajenga kiwanda cha kupakia vyakula. Sharti: ajira kwa watu wa kipato cha chini. Sisi tunakwenda kuhakikisha ajira zipo kweli. Zisipokuwepo, mji unarudisha mkopo wote, na kiwanda ndiyo basi tena.

Ernestina Ruta wa Kamachumu, mkaguzi wa serikali ya Marekani! Acha nijisifu, hakuna anayesoma.

Jumanne, 6 Oktoba

Hensley kanusa kitu. Mtu wa Buffalo huyu, miaka ishirini na miwili ya ukaguzi. Kwenye orodha ya kiwanda, watu kumi na tisa wamezaliwa tarehe mosi Januari. Kapiga meza: wafanyakazi hewa! Wamebuni watu, wakaona uvivu hata kubuni tarehe.

Nikasoma majina. Bagula. Séphora. Mirindi. Nikacheka peke yangu — Wakongo hawa! Nikamweleza: mkimbizi asiyejua tarehe yake, karani wa kambi humwandikia mosi Januari, basi. Akanirudishia orodha. Akasema maelezo mazuri, sasa niletee watu.

Nitamletea.

Jumatano, 7 Oktoba

Newburg, mtaa mmoja wa Louisville. Adolphine, wa kwanza kwenye orodha. Kaniwekea ugali na sombe, kisamvu chao, kabla sijaeleza shida yangu. Sheria yetu hairuhusu mkaguzi kupokea hata soda. Nikala. Nitaandika kwenye fomu kwamba nilikula, wanifukuze wakitaka.

Nikamwambia yeye na wenzake waje Ijumaa kiwandani na stakabadhi za mshahara. Uso ukambadilika.

"Mama Ruta, ile date haiko ya kweli. Donc tukisimama mbele ya leta, mbele ya serikali, si watasema tulidanganyaka? Watatunyang'anya makaratasi."

Nilijisikia vibaya. Mimi nilikuwa naona hoja tamu ya kumshinda bosi. Yeye anaona kurudishwa kambini. Nikampigia Hensley palepale: tarehe tusiguse, tuulize kazi tu. Kakubali. Nikamwapia Adolphine.

"Bon. Nitaongea na wenzangu."

Ijumaa, 9 Oktoba

Naandika kwenye stoo ya maboksi. Wamekuja! Wote kumi na tisa, wamevaa kama Jumapili. Nimehesabu mara mbili.

Adolphine kaingia wa kwanza. Stakabadhi kwenye mfuko wa plastiki, tangu Februari, hata moja haikosekani. Orodha inasema mpakiaji. Kumbe tangu Agosti ni msimamizi wa mstari mzima wa upakiaji! Hensley anaandika, anaandika — halafu, mazoea yana taabu, ulimi ukamteleza: tarehe ya kuzaliwa?

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikatafsiri, ningefanyaje?

Adolphine kanyoosha mgongo.

"Unataka gani? Ile ya makaratasi, ao ile mama yangu alinipatiaka?"

Nikamtafsiria Hensley neno kwa neno, sikupunguza hata moja. Kaweka kalamu chini. Kaomba dakika kumi.

Ripoti yake sijui itasemaje. Mimi yangu naijua, na nitaisaini hata peke yangu.

Kelele koridoni. Adolphine kawasimulia wenzake, na sasa kila mtu anataja kwa sauti ile aliyopewa na mama yake, hakuna anayenong'ona. "Miye, wakati ya kuvuna maharagi!" Vicheko. Hensley anarudi, inabidi apite katikati yao. Amesimama. Anauliza wanasema nini, nao wananiita, mama njoo umwambie — haya, naenda.