Panya Wako na Ghati Wangu

Nyambureti, Serengeti
14 Juni 2025

Mdogo wangu mpendwa Nchagwa,

Marahaba, maana najua ungekuwa hapa ungeniamkia kwanza. Habari za Ujerumani? Unakula lakini? Sisi wazima na mahindi tumevuna. Asiye mzima ni mwanangu Ghati, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Katika ule ujumbe wa sauti ulitueleza kazi yako: mna panya wenye kifafa kama cha Ghati, mnawafunga nyaya kichwani kuona ubongo unafanya nini kabla hawajaanguka tena. Nilicheka. Kwetu panya anatafutiwa paka, wewe unamtafutia daktari! Lakini nilisikiliza hadi mwisho, uliposema panya anaweza kutulia, akala na kulala vizuri, kumbe ubongo bado unarusha cheche chini kwa chini. Kutulia si kupona. Hilo hata mimi wa darasa la saba nililielewa.

Baba mkubwa Mniko hakulielewa. Tangu baba afariki anajiona yeye ndiye ukoo mzima, na masikio yake husikia anachotaka tu. Alikusanya wazee, akawasikilizisha ujumbe wako, akauzima pale uliposema, “Kwa binadamu bado hatujui.”

“Mmesikia?” akasema. “Msomi mwenyewe hajui. Na mtoto hajaanguka miezi mitano. Vidonge vya nini tena?”

Wazee wakaitikia, mbumbumbu kwa mbumbumbu. Nami, nisikufiche, vidonge nilimkabidhi Mniko kwa mkono wangu. Nilichoka kubishana, tena nilitamani iwe kweli. Ninajidharau kuliko ninavyomdharau yeye.

Siku ya kumi na moja bila vidonge Ghati aliangukia mafiga. Mimi nilikuwa mnadani. Wanaume watatu walisimama wakimtazama, kwa sababu Mniko aliwakataza wasimguse: ati povu linaambukiza. Hao ndio wanaojisifu kwamba hawaogopi fisi! Aliyemvuta ni bibi yetu Waisiko, na mkongojo wake. Mkono wa kushoto wa Ghati umeungua hadi kiwiko.

Sasa Mniko anadai ujumbe wako ndio ulioleta mkosi. Tarehe 29 wazee watakaa kuamua Ghati aache shule. Vidonge ameanza tena, hospitali wamenipa vingine na navifunga kwenye kanga yangu. Shule siwezi kuipigania peke yangu.

Kwa hiyo andika karatasi. Sauti inazimwa katikati, karatasi nitaisoma mimi hadi mwisho. Ipige mhuri wa chuo, mkubwa, maana hawa wakiona mhuri wananyamaza hata kama umeandika habari za kuku. Na hayo maneno yenu ya “huenda” na “pengine” wawekee panya. Sema wazi: vidonge visikatishwe bila daktari, povu haliambukizi, mtoto asome. Simoni wa dukani ndiye anayekutumia picha ya barua hii, karatasi yako mtumie yeye, ataichapa.

Bibi Waisiko anakusalimu na kukuombea maisha marefu. Mungu akutangulie katika kazi yako.

Ghati naye anakusalimu. Tangu aungue anatengewa sahani yake mlangoni, wenzake wakimega ugali mmoja ndani. Anauliza hivi: panya wako akianguka, wenzake hukataa kula naye? Hilo mjibu mwenyewe, mimi limenishinda.

Dada yako akupendaye hata kwa hasira,
Boke