Baba Zuhura, Mlima wa Barafu Nimeuteremka

Baba Zuhura, mume wangu,

Mwenyezi Mungu akulaze pema. Sisi huku Kondoa tu wazima, vumbi tu ndilo limezidi. Upepo wa kabla ya mvua unaujua. Nimekaa barazani, pikipiki yako iko mbele yangu chini ya turubai, na nina jambo la kukuambia kabla mdogo wako Rajabu hajanishtaki kwako.

Jambo lenyewe ni shamba. Shemeji Rajabu anataka alilime yeye lile la alizeti kule mlimani. Hana ubaya, namjua. "Shemeji, njia mbaya, na wa kukupeleka hayupo tena. Wewe pumzika." Na kweli, msimu uliopita lililala bila kulimwa. Nikamwomba anipe muda nifikiri.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponipeleka? Nilikuwa bibi harusi, hina haijanitoka mikononi. Pale penye korongo la udongo mwekundu watoto walikuwa wanateleza kwa vipande vya dumu, wanacheka mpaka wanapaliwa na vumbi. Ukaomba kipande kimoja, ukakiweka kwenye ukingo, ukaniambia, "Kaa. Inua miguu."

"Nitasimamaje?"

"Ukifika chini utasimama."

Kabla sijasema la pili, nikasikia kiganja chako mgongoni. Yarabi! Niliteremka huku nakutaja wewe na ukoo wako wote, nikaishia kwenye kichaka cha miiba, khanga mpya imechanika. Wewe huko juu umekaa chini kwa kicheko. Jioni ile chai ulijipikia mwenyewe.

Tangu hapo tukabishana maisha yetu yote. Mimi mwalimu wa darasa la kwanza, nasema mtu hufundishwa kwanza. Wewe pikipiki ulijifunza peke yako, na kovu la gotini ukiwaonyesha wageni kama cheti. "Mteremko ndio mwalimu, Mama Zuhura." Nami nakujibu, "Mwalimu gani huyo anaanza na fimbo?"

Halafu ukaondoka. Eda nilikaa, ikaisha, lakini mimi sikutoka. Sokoni nilituma watu. Hata kwenda kwa jirani nikawa naahirisha. Zuhura aliposikia sauti yangu kwenye simu akasema, "Mama, unakuja huku kwangu," na kweli akanitumia tiketi. Ndivyo nilivyofika Ujerumani anakofanya kazi ya uuguzi, wakati wa theluji, nimevaa makoti mawili na bado natetemeka.

Siku yake ya mapumziko akanipeleka mlimani. Watu wanateleza kwenye barafu kwa mbao mbili nyembamba zilizofungwa miguuni, watoto kwa wazee, wengine wana mvi nyingi kuliko mimi. Nikamwuliza mwalimu yuko wapi.

"Mwalimu wa nini, mama? Mteremko wenyewe huu mdogo. Baba angejiachia tu."

"Basi nenda kamwakilishe baba yako."

Akaenda. Mume wangu, binti yako aliondoka kama risasi, anapiga kelele kwa Kirangi chetu, kile ambacho siku zote anasema amekisahau, akaenda kukumbatia wavu wa uzio kule chini, mbao moja huku, nyingine kule. Alhamdulillahi hakuvunjika, ila wiki nzima alikuwa anakaa upande upande.

Mimi nilitafutiwa mwalimu, dada mmoja mpole mwenye mashavu mekundu. Zuhura anatafsiri huku anajisugua nyonga. Unajua alianza na nini? Kuanguka. Anguka kiubavu, inuka, anguka tena. Baada ya hapo kusimama: ncha za mbao zikutane mbele, visigino vitanuke nyuma, kama paa la nyumba. Swali langu la pale korongoni, Baba Zuhura, lilijibiwa siku hiyo. Nilitamani ungekuwepo nikucheke.

Kisha akanipandisha juu kidogo, yeye akashuka kunisubiri, akainua mkono niteremke. Nikabaki peke yangu. Kuanguka nakujua, kuinuka nakujua, kusimama nakujua, na miguu haitaki. Nikageuka nyuma. Wallahi niligeuka kukitafuta kiganja chako, na hapakuwa na mtu. Nikalia pale pale. Yule dada akadhani naogopa barafu. Wala! Tangu nikujue sijawahi kuanza jambo bila wewe kunisukuma. Kuomba ualimu mkuu, wewe. Kujenga nyumba hii, wewe. Kumbe hilo ndilo lililonikalisha ndani hata eda ilipokwisha.

Nikasema Bismillahi, nikajisukuma. Polepole, hata kobe angenipita. Lakini nilisimama pale nilipotaka, na Zuhura akaja anachechemea kunikumbatia, tukalia wote wawili katikati ya watu.

Jana Shemeji Rajabu alikuja kuchukua jibu. Nikamwambia shamba nalima mwenyewe, na pikipiki naendesha mwenyewe. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Shemeji, kwa umri huo?"

"Nimeteremka mlima wa barafu, nitashindwa na kilima cha alizeti?"

Akamaliza chai yake. Alipokuwa anaaga, akasema atakuja kuangalia matairi.

Jumatatu naanza mafunzo kwa mama mmoja anayefundisha udereva karibu na uwanja wa mpira. Ndiyo, nimechukua mwalimu. Nuna huko huko uliko. Nataka mvua ya kwanza inikute shambani. Njia inapita pale pale juu ya korongo, na najua nikifika nitageuka nyuma tena. Breki nitakuwa nazijua, mume wangu. Nisukume.

Mkeo,
Mama Zuhura