Kiapo cha Kuzaliwa kwa Binti Yako

Mdogo wangu mpenzi,

Huku tu wazima, namshukuru Mungu, na paa limeacha kuvuja. Binti yako amepata hati ya kiapo, maana cheti cha kuzaliwa hakikupatikana. Wakili aliniuliza, "Mama, ulikuwepo akizaliwa?" Nikashika kitabu kitakatifu nikasema ndiyo. Wewe unajua siku ile nilikufungia mlango, eti unatutia aibu na mimba isiyo na baba.

Tulipotoka, binti yako alinikumbatia. "Mama mkubwa, kumbe ni wewe uliyenipokea duniani!" Nikatabasamu kama mwizi.

Atakupigia simu akusimulie wema wangu. Usinisitiri, mdogo wangu. Mwambie ukweli, maana mimi nimeshindwa.

Ni mimi dada yako, na haya zangu.