Jokofu Limekatwa

Kaka yangu,

Shikamoo. Habari za huko, wifi na watoto wanaendeleaje? Na mgongo je? Huku sisi ni wazima. Mama anakusalimu, anasema uache kunyanyua vitu vizito. Nilicheka, maana nyumba nzima tunajua mgongo huo uliuharibia wapi.

Ujumbe uliomtumia binamu, kwamba ukirudi mwezi ujao utashika tena besi na mimi niliyekuwa nakushikia nafasi nipumzike, ameusoma mbele ya bendi nzima. Nilikuwepo. Nimesikia pia ulivyoagiza nisiguse mpangilio wako, spika zote nane ndani ya lile boksi moja tuliloliita Jokofu kwa ukubwa wake, kwa sababu besi bila Jokofu si besi.

Haya. Ngoja nikueleze Jokofu lako lilivyonitenda.

Lina kilo sabini na mbili. Nililipeleka kwenye mizani ya karakana ninapofanya kazi. Ukumbi tunaopiga siku hizi uko ghorofa ya tatu, na lifti yake ni ya kutazama tu. Wewe ulikuwa ukilibeba na wenzako. Mimi nilipoomba msaada, mpiga gita alisema kiuno chake kina mke na watoto. Binamu akaamua boksi libaki nyumbani, nichomeke gita la besi moja kwa moja kwenye mitambo ya ukumbi. Sasa spika za ukumbi zinawatazama wateja, kaka, hazimtazami mpigaji. Nilipiga onyesho zima bila kusikia ninachopiga, nikibahatisha kwa kuangalia mguu wa binamu kwenye ngoma. Tuliposhuka jukwaani wakasema besi ya ukoo wetu uliondoka nayo wewe. Mpiga gita ndiye aliyecheka zaidi, yule mwenye kiuno.

Nikaazima amplifaya ndogo ya wati hamsini. Hiyo nayo binamu akianza tu kupiga inazama, na nikiongeza sauti inakoroma kama mzee aliyeshiba. Ndipo nikakaa chini nikapiga hesabu. Amplifaya yako ya wati mia tatu haina tatizo, naibeba kwa mkono mmoja. Ukumbi unajaa watu mia na ishirini, na kwa watu hao spika nne zinatosha na kubaki. Nikafungua mgongo wa Jokofu nikakuta kumbe lina ukuta katikati, spika nne juu, nne chini, kila upande na waya zake. Miaka yote hiyo mnabeba maboksi mawili mkidhani ni moja.

Sasa hili nataka ulisikie kwangu mwenyewe, si kwa binamu. Nimelikata. Nimelikata kwa msumeno wa kazini, mchana kweupe, Mama akishikilia upande wa pili. Nimeziba kwa mbao nene na kufunga vishikio vya chuma nilivyochomelea mwenyewe. Kila nusu ina ukinzani wa omu nane, na amplifaya inaukubali. Nikiziunganisha zinarudi omu nne zilezile za mwanzo. Hakuna kilichopotea isipokuwa lile umbo lako la kutisha watu.

Ijumaa nilipandisha nusu moja ngazi zote, peke yangu. Nikaiweka juu ya meza, usawa wa masikio. Kufikia wimbo wa pili binamu alikuwa amegeuka ananitazama mimi, na pale alipozoea kukimbia akapunguza mwendo akanifuata. Mpiga gita aliniomba nishushe sauti. Sikushusha.

Msamaha siombi, kaka. Njoo, hapa ni kwenu. Nusu yako iko chumbani kwako, nimeifunika shuka safi. Ukitaka kupiga, bendi inahitaji gita la pili, na mimi ndiye niliyekupendekeza. Nafasi ya besi ina mwenyewe.

Wasalimie watoto, na wifi mwambie zawadi aliyonitumia imenifikia. Siku ukifika usiguse mabegi. Nitakuja stendi kuyabeba mimi.

Mdogo wako,
mpiga besi