Kiti cha Safu ya Tatu

Nyumbani kwa Bibi Fela,
Barahona.
Jumatano, tarehe 11 Desemba.

Mpendwa Shangazi Ercilia,

Baraka, Shangazi. Najua jibu lako, "Mungu akubariki," litachukua siku kunifikia, lakini nimekwisha kulisikia, kwa ile sauti yako ya asubuhi kabla hujanywa kahawa. Kwa hiyo naendelea kama mtu aliyekwisha kubarikiwa.

U hali gani huko Lawrence? Kile kikohozi kimekuachia? Theluji ya Marekani imeanza, au bado ni ule upepo uliosema unaingia mpaka kwenye meno? Sisi hatujambo. Goti la Bibi Fela limevimba tena, ila mdomo wake u mzima, nawe unajua kwamba mdomo wa Bibi ukiwa mzima, nyumba nayo ni nzima. Baba anapanda mlimani kila Jumatatu kuvuna kahawa na kushuka Ijumaa akinuka moshi. Bahari asubuhi ina rangi ya yale mawe yetu ya buluu, na jioni inakuwa kama imesahau ilikuwa rangi gani.

Barua hii anakuletea Doña Nurys, anayesafiri kesho. Amekubali kubeba pia kahawa kidogo na kashata za nazi. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu tunaongea watu watano kwa pamoja, na Bibi anaishika kama anayetaka kuila. Ninayotaka kukuambia yanahitaji kimya.

Ni habari za mwanao.

Mkataba wa Rainiel na timu yetu ya besiboli, Pelícanos, unakwisha msimu huu. Klabu ya Wamarekani ilipomwacha akiwa na miaka kumi na tisa, alirudi hapa na begi moja na akalala wiki nzima uso ukiwa ukutani. Sasa ana ishirini na mbili, na hakuna kijana katika ligi anayepiga mpira kama yeye. Klabu moja ya Santo Domingo inamtaka, na iko tayari kutupatia warushaji wawili wazima kwa ajili yake. Kwa hiyo timu ina njia mbili: imwongezee mkataba wa miaka minne, au imbadilishe kwa hao wawili sasa, wakati jina lake bado lina moto.

Mji mzima una maoni. Dukani kwa Chago watu wanacheza dhumna bila kuzitazama.

"Mbadilisheni," anasema mmoja. "Embe likiiva halisubiri kikao."

"Mkimpeleka Rainiel, mnipeleke na mimi," anasema Chago. "Sitabaki hapa kutazama nyasi."

"Wewe nani akuchukue, Chago? Hata mkeo alikupata bure."

Mimi hupita na mkate wangu kana kwamba sisikii. Unajua kazi yangu: nakaa katika chumba kidogo chini ya majukwaa, na kompyuta, nikiandika kila mpira uliorushwa na kilichoupata. Juu yangu watu hupiga miguu na vumbi hunidondokea kwenye karatasi. Napapenda pale chini. Ni mahali pa mtu anayependa mchezo lakini haogopi kuukosa.

Don Radhamés, meneja mkuu, alituita watu watatu akasema kila mmoja aandike ukurasa mmoja: abaki au aende. Kwangu akaongeza, "Yudelka, najua ni binamu yako na mmelala kitanda kimoja utotoni. Ndiyo maana kwako nataka namba, sitaki machozi."

Nikazikalia namba siku nne. Ndipo nilipoona jambo ambalo ningependa nisingeliona.

Bibi hukaa safu ya tatu nyuma ya benchi letu, kiti cha pembeni, juu ya mto wake wa maua. Kila Rainiel anapokwenda kupiga, husimama, hugusa kofia yake ngumu na kusema, "Baraka, Bibi." Bibi huinua mkono. Watu wamezoea, hata wauza karanga hunyamaza kidogo. Mimi nilitenganisha michezo ambayo Bibi alikuwepo na ile ambayo hakuwepo, ya ugenini na ya siku za goti. Bibi akiwepo, mwanao hupata pigo zuri zaidi ya mara tatu katika kila kumi. Asipokuwepo, hafikishi mbili. Misimu mitatu ni hivyo hivyo.

Bibi ana miaka themanini na minne, Shangazi.

Nilielewa kwamba ningewashauri wampe Rainiel miaka minne, ningekuwa nimewaahidi miaka minne ya Bibi, na hiyo si yangu kuahidi. Nikaandika ukurasa wangu: Aende. Nikaufungia kwenye droo, nikajiona kama mtu aliyemfukia mwenzake angali anapumua.

Alfajiri iliyofuata niliota uwanja umejaa maji mpaka safu ya pili. Yalikuwa maji matulivu, yenye mwanga chini yake. Rainiel alikuwa anakimbia juu yake bila kuzama. Kila kituo cha mchezo alichofika kilikuwa mlango wa nyumba. Anabisha, hafunguliwi, anakimbilia mwingine. Sikuogopa. Nilikuwa nahesabu tu hatua zake, kama kawaida yangu.

Nilimsimulia Bibi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mlango wa mwisho ulikuwa namba ngapi?"

Nikamwambia sikuona.

"Umesoma kote huko, na namba ya mlango huioni." Akamtuma Baba akacheze bahati nasibu kwa namba thelathini na tatu, kwa kuwa vituo ni vitatu na milango mitatu. Haikutoka.

Sasa nikueleze ya Jumapili. Mchezo ulianza saa kumi, jua likiwa bado kwenye macho ya wageni. Goti lilimzuia Bibi, akanituma nikakalie kiti chake, kwa sababu, alisema, kiti kitupu hukaribisha watu wasiojulikana. Nikatoka chumbani kwangu chini nikakaa juu ya mto wa maua. Sijawahi kuuona uwanja kutoka hapo. Unaonekana mdogo, na mtu anayekwenda kupiga anaonekana peke yake kabisa.

Mara tatu Rainiel alikwenda kupiga, mara tatu akatazama kiti, akaniona mimi, akatikisa kichwa na kushindwa. Mara ya nne tulikuwa nyuma kwa mkimbio mmoja, yaani pointi moja, wenzetu wawili wakiwa vituoni. Akatazama tena. Niliinua mkono nusu, nikaushusha. Nimemzidi miaka mitatu tu, Shangazi. Ningembariki kwa umri gani? Tulitazamana hivyo, na nadhani sote wawili tuliogopa kitu kimoja.

Kisha akageuka. Nyuma ya mdakaji alisimama mwamuzi, Don Ovidio, mzee mwenye masharubu meupe yanayochungulia chini ya barakoa. Rainiel akavua kofia ngumu, akainamisha kichwa, akasema, "Baraka, mzee wangu."

Na Don Ovidio, kabla hajakumbuka yuko wapi na anafanya nini, akajibu, "Mungu akubariki, mwanangu."

Kocha wa wageni alitoka mbio mpaka kofia ikamdondoka. "Mwamuzi! Umembariki mpigaji wao!"

"Kijana ameniomba. Ulitaka nimjibu nini?"

"Usimjibu kitu!"

"Wewe mama yako alikulea wapi?"

Kocha akasimama pale akihema. Uwanja wote ulikuwa unasikiliza. Mwishowe akasema, kwa hasira, "Basi na mimi. Baraka."

"Mungu akubariki. Sasa nenda ukakae."

Watu walicheka mpaka muuza karanga akamwaga sinia. Katika kicheko hicho hicho Rainiel alipiga mpira ukapita juu ya kichwa cha mlinzi wa kulia na kwenda kulala chini ya uzio, na wenzake wote wawili wakafika nyumbani, pale pa kupigia, tukaongoza.

Elimu yangu inaniambia kwamba pigo moja si ushahidi wa chochote. Lakini nilikuwa nimekaa juu ya ule mto na nikaona uso wake alipokuwa anageuka. Halikuwa pigo lililonishangaza. Ni kwamba aliomba kwingine. Miaka yote hii nilidhani nguvu yake imo kwenye mkono wa Bibi, na huenda imo katika kuomba tu.

Jumatatu nilimpelekea Don Radhamés kurasa mbili, ule wa droo na mpya. Akasoma zote akiwa amesimama.

"Kwa hiyo unasemaje?"

"Namba zinasema aende. Mimi nasema abaki."

"Nilikuambia sitaki machozi."

"Hakuna hata chozi moja hapo, Don Radhamés. Kuna kijana aliyejifunza kuomba kwa mtu mwingine."

Alikwenda dirishani, akatazama kule wanakomwagilia nyasi. Kisha akasema atampa ile miaka minne, ila asaini kabla ya tarehe ishirini. Siku hiyo klabu ya Santo Domingo inafunga mlango, na mkataba ukiwa haujasainiwa, ataanza msimu ujao kule.

Jana Rainiel alileta mkataba nyumbani. Akauweka mezani kando ya ndizi, akashika kalamu, akasema, "Baraka, Bibi. Nasaini."

Bibi hakuinua mkono. Sijawahi kuona hivyo maishani mwangu.

"Ya kwenda kupiga nitakupa hata nikiwa ndani ya jeneza," akasema. "Hii ya kuyapanga maisha yako si yangu. Mimi nimekaa kwenye kiti cha mtu."

"Cha nani?"

"Unajua cha nani."

"Nilimwomba mara moja. Hakunijibu."

"Basi mwombe mara ya pili. Yule mwamuzi hata jina lake la ukoo hulijui, na ulimwomba."

Akaiweka kalamu chini, akatoka nje. Mkataba bado uko pale mezani; tunakula tukiuzunguka.

Shangazi, ninayoyasema sasa sikuyasema miaka kumi na sita. Siku uliyoondoka nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka lile basi dogo jeupe, na Rainiel amesimama kwenye ngazi ya nyumba na kaptula ya shule, anasema, "Baraka, Mama." Wewe uliweka leso mdomoni ukageukia upande wa dereva. Gari likaondoka. Yeye alibaki pale mpaka vumbi likatua lote, kisha akaniuliza kama jibu huweza kuja baadaye. Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa mtoto, nilisema tu ili tuingie ndani.

Hukuwahi kulisikia tena neno hilo kutoka kwake, nami najua umeliona hilo. Kwenye simu anasema habari za huko, anasema vitu vimefika, anasema usitoke bila kofia. Nawe hujawahi kumkumbusha. Sikulaumu. Siku Baba aliponipeleka chuoni, niligeuza uso vile vile, nami nilikuwa nakwenda mwendo wa saa tatu na nusu tu.

Doña Nurys atakuwa kwako kesho usiku au Ijumaa. Simu yetu itakuwa wazi Jumapili baada ya misa, na nitahakikisha Bibi haigusi.

Nisalimie mjomba Bolívar hapo nyumbani kwako na umwambie redio aliyotuachia bado inafanya kazi. Msalimie Nelfi, na mbusu mtoto wenu mdogo Kiara ambaye tunamjua kwa picha tu. Bibi anasema ana kidevu chake na anadai arudishiwe. Baba anakusalimu, anasema kahawa ya mwaka huu ni nyepesi, usiipike kwa haraka. Mungu akukinge na baridi ya huko, akupe mikono yenye joto na usingizi usiokatika.

Rainiel yuko uani, anamenya ndizi za kuponda za chakula cha jioni. Sitamwambia aandike chochote. Nimeacha nafasi chini ya jina langu. Nitaiacha barua hii mezani, juu ya mkataba, kalamu kando, niende kumpaka Bibi dawa ya goti, na nikirudi nitaifunga kwenye bahasha bila kusoma. Ukiikuta nafasi hiyo tupu, Shangazi, isome pia.

Mimi, binti wa kaka yako, ninayekupenda ukiwa karibu na ukiwa mbali,

Yudelka



Baraka, Mama.

Rainiel