Mizani ya Mjomba Gaspari

Jumatatu, 3 Juni
Baridi. Milima haikuonekana mpaka saa nne. Nimeshinda darini mwa kiwanda cha mafuta napitisha kebo ya mtandao, vumbi la mashudu ya alizeti mpaka puani. Uhasibu tayari. Ghala tayari. Ofisi ya Meneja ilikuwa ya kwanza kabisa, na ni yeye wa kwanza kulalamika.

Mchana nimekula na Mjomba kibandani kwake, kwenye mizani ya malori. Ugali na mlenda. Tunaishi nyumba moja Mwembesongo, chai moja asubuhi, na mchana bado anataka nile mbele yake ahakikishe nimeshiba. Madereva wa alizeti kutoka Dumila wananiita Fundi Mpwa. Mtu nina cheti cha chuo!

Jumanne, 4 Juni
Meneja ameniita, akafunga mlango. Hajawahi kufunga mlango tangu wenye kiwanda wapya wamlete.

Mezani kulikuwa na kisanduku cheusi, kidogo kuliko mche wa sabuni. Upande mmoja kina tundu la pini la kizamani, sawa na lile la nyuma ya kichwa cha mizani kinachoonyesha kilo, ambako printa ilikuwa ikichomekwa kabla haijafa. Upande wa pili, tundu la kebo ya mtandao. Mizani inaongea polepole, tarakimu moja moja kwenye waya mmoja. Kisanduku kinazipokea, kinazifunga furushi, kinazirusha kwenye mtandao. Kilo zitaonekana uhasibu lori likiwa bado juu ya mizani.

Nilifurahi. Niseme ukweli hapa, kwingine sitausema. Nilikipenda kile kisanduku.

Kisha akasema, "Kikifanya kazi, karani wa mizani hatumhitaji tena. Mwisho wa mwezi anaondoka. Usimwambie mtu."

Anajua ni mjomba wangu. Kiwanda kizima kinajua. Ndiyo maana alifunga mlango.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepika mimi leo ili nisikae naye bila kazi mikononi. Ameniuliza kama naumwa. Nimesema kichwa.

Huyu mtu amepita kwenye kupunguzwa mara mbili, mara ya shirika la umma na mara ya ubinafsishaji. Kila mara walimbakiza kwa sababu lazima mtu asome mizani. Watoto aliowazaa ni wa ukoo wa mama yao. Sisi Waluguru ndivyo tulivyo, na kwa hesabu hiyo mtoto wake ni mimi. Shamba la Kinole alinikatia yeye. Chuo nimesoma kwa kazi ya mizani hiyo hiyo ninayotakiwa kumpokonya.

Nikikataa, Meneja ataleta mtu wa Dar. Ataimaliza asubuhi moja, halafu tutatolewa wawili badala ya mmoja. Nikikubali, mimi ndiye niliyemtoa. Kila upande ukuta.

Ijumaa, 7 Juni
Waya wa kutuma wa mizani unatakiwa uingie kwenye pini ya kupokea ya kisanduku, na wa huku uende kule. Zipishane. Hilo ni somo la wiki ya kwanza. Mimi nimeunga kutuma kwa kutuma, kupokea kwa kupokea. Mmoja anasema pasipo sikio, mwingine anasikiliza pasipo mdomo. Kama kikao chetu cha ukoo.

Kompyuta ya uhasibu tupu. Nikapanda kwa Meneja: kisanduku kibovu. Ulimi haukukwama hata kidogo. Nimejishangaa.

Mjomba alikuwa ameniona nimepiga magoti nyuma ya mizani yake. Nilimwambia natengeneza njia ya printa. Ni neno la kwanza lililonijia.

Jumatatu, 10 Juni
Meneja ameagiza kisanduku kingine.

Mjomba ameitoa ile printa iliyokufa, akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaianika juani mlangoni. Amewatangazia madereva kwamba stakabadhi zinarudi kuchapwa, mpwa wake anashughulikia. Ameamini. Mzee mzima, na akili zake zote, ameamini kwa sababu nimesema mimi. Nilitaka kumpigia kelele.

Jumatano, 12 Juni
Kisanduku cha pili. Nimekiunga vilevile. Safari hii Meneja alisimama nyuma yangu, mikono mfukoni.

"Viwili vyote vibovu, Felista?"

Mtu wa Dar anakuja Jumanne. Akikuta kosa liko kwenye waya, tutaongea, ndivyo alivyosema Meneja, kwa upole kabisa. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata wiki.

Jumamosi, 15 Juni
Nimepanda Kinole kwa Mama. Ukungu, utelezi, ndizi zinashuka vichwani mwa watu. Nimemweleza yote jikoni.

Nilichokifuata ni hiki, na njia nzima nilijiona nina akili nyingi: Mama amwambie kaka yake, kaka yake anikataze. Mjomba akishakataza, mpwa hana la kuongeza, hata Meneja akija na polisi. Nifukuzwe, sawa, lakini nifukuzwe nimekatazwa. Nilitaka tu mtu mwingine aamue.

Mama aliendelea kuchambua pilipili manga. Mwishowe akasema Mjomba anakuja kesho baada ya misa.

Jumapili, 16 Juni
Mkeka. Mama amesema, mimi nimetazama chini. Alipofika kwenye habari ya mwisho wa mwezi Mjomba hakushtuka. Alitulia tu, kama mtu anayesubiri lori litulie juu ya mizani.

Hakuuliza habari za Meneja. Aliniuliza mimi.

"Kisanduku ni kibovu au kizima?"

"Kizima, Mjomba."

"Waya umeuunga vibaya kwa kujua?"

"Ndiyo."

Kuku wakaingia ndani na hakuna aliyewafukuza.

"Sikukusomesha uje useme kitu kizima ni kibovu. Kesho kaunge inavyotakiwa. Nimesema kama mjomba wako."

Mama akaanza kulia. Mjomba akaomba maji. Baadaye, tukishuka, akasema printa atairudisha stoo mwenyewe, nisijisumbue.

Nina hasira. Nina hasira naye kuliko na Meneja. Nilipanda mlima kutafuta katazo, nimeshuka na amri, na amri ya mjomba haina rufaa. Angeweza kunihurumia kwa kunionea, akanikataza. Watu wengine wajomba zao wanawaonea vizuri tu.

Jumatatu, 17 Juni
Nimepishanisha nyaya. Takataka tupu kwenye kompyuta: alama za kuuliza, vistari vya mshazari, herufi zisizo na lugha. Kwa dakika nzima moyo wangu uliruka kwa furaha, nikasema labda haiwezekani kweli, labda Mungu ameingilia. Mungu hakuingilia. Kisanduku kilikuwa kinasikiliza haraka kuliko mizani inavyoongea. Nikakipunguza mwendo, kikaelewa.

Lori la Dumila lilipanda. Kilo zikajaa kwenye kompyuta ya uhasibu zenyewe. Meneja alipiga makofi. Amempigia mtu wa Dar asije. Mimi ameniambia, "Nilijua utaweza," na macho yake yakasema alijua mengine pia.

Kibandani ugali ulikuwepo. Mjomba alikula. Mimi nilikata matonge nikayapanga pembeni ya sahani.

Jumatano, 19 Juni
Wamemwambia Mjomba leo rasmi. Amerudi nyumbani akapiga pasi shati la kesho.

Jumatatu, 24 Juni
Hakuna ugomvi, ndilo tatizo. Ananisalimia vizuri, ananiuliza kazi. Natamani anitukane. Nimemvunjia kikombe makusudi. Amefagia vipande.

Meneja anataka mizani ndogo za ghalani nazo ziunganishwe. Visanduku vimefika, vitatu. Huko kuna makarani wawili. Nimesema ndiyo.

Ijumaa, 28 Juni
Siku ya mwisho ya Mjomba. Malori yaliisha mapema. Wamemuaga kwa chai na maandazi, Meneja kasema maneno machache, watu wakatawanyika.

Nilibaki peke yangu uhasibu, nikingojea tushuke wote nyumbani. Kompyuta ilikuwa kwenye sifuri. Kisha ikaandika 60.

Mizani ile ni ya malori, inaruka kilo ishirini ishirini, kitu chepesi haikioni. Sikusikia injini. Nilikaa nikiitazama ile 60. Haikutikisika. Mjomba alisimama pale muda mrefu, katikati ya bamba la mizani aliyoisoma ujana wake wote, na sidhani kama alijua kwamba huku juu anaonekana. Au alijua. Sitamuuliza.

Ikarudi sifuri.

Uzito ukitulia, programu inauhifadhi yenyewe, ndivyo nilivyoipanga. Kwa hiyo umo: kilo 60, gari halina namba, mzigo haujatajwa. Jumatatu uhasibu wataniambia niufute, na nitaufuta, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.