Picha ya Videvu Viwili

Kalunde, mke mwenzangu, marahaba. Mume wetu babu yako hajambo, bado anakoroma kama treni ya Kigoma.

Unauliza kwa nini kwenye picha ile ukutani mimi na dada yangu tumetazama juu. Ilikuwa asubuhi ya kipupwe, mbingu nyeupe pee, tumepanda kilima cha njia ya wapagazi. Kesho yake dada anaolewa kijiji cha Ziba. Mpiga picha alibakiwa na filamu ya picha moja tu. Akasema, "Tulieni, msipumue." Dada akanong'ona, "Korongo hao, we!" Tukainua vichwa, naye akabofya.

Picha ilipotoka ilikuwa videvu tu; nililia, maana nilitaka uso wake. Sasa dada ametutoka, na kila mgeni huuliza tuliona nini, nami namsimulia habari za dada mpaka chai inapoa. Angetazama mbele, nani angeuliza?

Bibi yako, kidevu cha kulia.